Kilichomo Sandukuni Si Mkuki

Highview,
Louisville, Kentucky.
Jumapili, 14 Juni 2015

Mpendwa kaka yangu Manassé,

Nakusalimu kwa jina la Bwana aliyetutoa mbali. Hujambo wewe na nyumba yako yote hapo Black Rock, Buffalo? Goti linaendeleaje? Wifi Kabanyana aliniambia umeanza kupanda ngazi bila kushika ukuta, nikamshukuru Mungu, ingawa nakujua, utarudi kubeba mizigo kabla daktari hajamaliza sentensi yake. Pumzika, kaka. Hiyo nyumba uliyonunua haitakimbia hata usipoipaka rangi mwaka huu.

Sisi huku tu wazima. Kazi yangu ya kutunza wazee inaendelea, na wamenihamishia zamu ya asubuhi, kwa hiyo sasa nalala kama binadamu wengine. Joto limeanza kutuchoma. Jirani wa ghorofa ya juu anachoma nyama kila jioni na moshi wote unaingia kwangu, lakini nyama yenyewe haijawahi kushuka. Mwanangu Alliance anakusalimu sana. Amemaliza mafunzo yake ya kutoa damu na wamemwajiri hospitalini, na sasa kila akinishika mkono anatafuta mshipa.

Najua utashangaa kupata barua. Utaigeuzageuza bahasha ukidhani ni watu wa uhamiaji. Ni mimi tu. Nimejaribu kukupigia simu, lakini kila nikipiga unakuwa na furaha kiasi cha kunifunga mdomo, na mimi naishia kuuliza habari za mvua. Ujumbe wa sauti nao siuamini, maana mwanao Bonheur huufungua mbele ya watu wote, hata wageni wa kanisa. Neno hili linataka macho yako peke yako. Kaa chini, soma polepole, na usimpe mtu barua hii kabla hujatulia.

Neno lenyewe nalitanguliza. Kile kitu kilichomo sandukuni, ambacho umekuwa ukikifurahia kwenye simu, si mkuki. Ni bunduki. Ni ya zamani sana na haina risasi. Cleopas, baba yake Tevin mchumba wa Alliance, anataka kukuletea yeye mwenyewe hapo Buffalo Jumamosi ya tarehe 27, na nimeona afadhali ulijue jambo hili kabla hajabisha hodi.

Sasa ngoja nianze mwanzo, kwa sababu nikianzia katikati hata mimi napotea.

Baada ya Pasaka tulikwenda kwa wazazi wa Tevin huko Hilliard, kule Columbus, mimi na Alliance, pamoja na Azarias tuliyemchagua kuwa msemaji wetu. Unajua wasiwasi niliokuwa nao. Hawa Wakenya walikuja Amerika kusoma, na vyeti vyao mkononi, na sisi tulikuja kutoka kambini na ile mifuko ya plastiki ya wakimbizi. Nilivaa kitenge changu cha Krismasi nikabeba sombe, majani yetu ya muhogo, ya kutosha kanisa zima. Bilha, mama yake Tevin, alitupokea vizuri mno. Chapati zake ni laini, kaka, unazikunja kama leso. Nikasema moyoni, mwanangu hatakufa njaa katika nyumba hii.

Baada ya chakula Cleopas akatualika kushuka chini. Nyumba zao zina chumba chini ya ardhi, nikadhani anakwenda kutuonyesha televisheni kubwa. Akawasha taa. Ukuta mzima ulikuwa bunduki. Nilisimama kwenye ngazi hadi Azarias akanishika kiwiko. Alliance, ambaye kumbe alijua na hakuniambia, alikuwa anatazama sakafu.

Usimfikirie vibaya mzee huyu. Ni mhasibu, ana miwani na tumbo la heshima, na anaongoza kwaya ya wanaume kanisani kwao. Hana sauti ya ugomvi. Yeye hukusanya bunduki za vita vya zamani, zile ambazo majeshi ya Ulaya yalimaliza kuzitumia yakaziuza kwa wingi, na Waamerika wakazinunua. Zote ni za komeo. Unainua mkono wa chuma, unavuta nyuma, unasukuma mbele, unalaza, kama mtu anayefunga mlango wa stoo, na kila risasi inataka ufanye hivyo upya. Anayo ya Mwingereza, anayo ya Mrusi, anayo ya Mturuki, na anayo moja ya Mswidi ambayo aliusifia mti wa kitako chake hadi nikamwonea haya Bilha.

Alinieleza kila moja. Ile ya Mrusi ilifika imezama katika grisi nzito ya kahawia, waliyoipakaa zamani isipate kutu, ngumu kama asali iliyoganda. Aliifunga katika mfuko mweusi wa takataka akaianika juani mchana kutwa ili grisi itiririke. Bilha akadakia kutoka juu ya ngazi kwamba kabla ya hapo aliiosha katika bafu lake, na bafu hilo mpaka leo halijapona. Cleopas akacheka, akanivuta karibu na taa.

"Mama Alliance, angalia hapa. Number kwa bolt, number kwa barrel, zote zinamatch. Hii ni original kabisa."

Mimi niliitikia kwa kichwa kama mtu anayeelewa. Ilinijia picha ya wazee wetu kule Bushi wakimzunguka ng'ombe wa mahari, huyu anasifu pembe, yule anasifu nundu, na hakuna anayefikiria kumchinja. Nilimuuliza anawinda nini. Hawindi. Nilimuuliza anamwogopa nani. Hamwogopi mtu. Je, anazipiga? Mara chache, kwenye uwanja wa shabaha, na ile ya Mswidi hajawahi kuipiga hata siku moja. Basi ni za nini, baba?

Alifikiri kweli, hakuniruka. Akasema babu yake alichukuliwa na Mwingereza kwenda kupigana Burma, akarudi na kovu na koti, na bunduki Waingereza wakaichukua tena bandarini Mombasa. Mzee huyo alikuwa akiazima mwiko wa ugali jikoni ili amwonyeshe mjukuu jinsi ya kuvuta komeo. "Nikiishika hii," akasema, "I feel ni kama nimemsalimia." Nilielewa maneno yote, kaka, na bado sikuelewa kitu.

Nilirudi Louisville kichwa kinaniuma njia nzima. Sisi tulizikimbia bunduki hadi tukavuka bahari, na mwenzetu amevuka bahari ile ile akaanza kuzinunua. Alliance aliniambia kuna masoko yake, ukumbi mkubwa, wazee wa Kizungu wamekaa nyuma ya meza kama mama zetu nyuma ya mafungu ya samaki wadogo wa sambaza, na Cleopas anapita meza hadi meza wanamwita kwa jina. Anakagua, ananusa mti, anarudisha. Siku nyingine hanunui chochote na anarudi nyumbani amefurahi. Wewe umewahi kusikia mambo hayo?

Sasa nije kwenye mkuki. Desturi unaijua kuliko mimi, lakini naiandika ili uone kosa liliingilia wapi. Azarias alipompigia Cleopas kumweleza tunachotarajia, mengine yote yalipita haraka. Walipofika kwenye mkuki wa mlinzi, Cleopas alitaka aelezwe tena na tena. Azarias akamweleza kwamba kwetu aliyemlinda msichana hadi akakua hupewa mkuki na upande wa mume, anaupokea kwa mkono wa kulia, anausimamisha nyuma ya mlango wake na kusema kwamba amepumzika ulinzi. Akamweleza kwamba baba yake Alliance alikufa mtoto akiwa bado ananyonya, na aliyemlinda ni mjomba wake aliyeko Buffalo. Bilha anasema tangu simu hiyo mume wake hakutulia.

Bilha alipata mkuki katika duka moja la vitu vya Kiafrika hapo Columbus. Ulikuwa na manyoya mekundu na pundamilia amechorwa kwenye mpini. Cleopas akakataa. Alisema huo ni mkuki wa watalii, na kumpelekea mzee ni matusi. Akampigia Azarias tena, akamuuliza kama ni lazima uwe mkuki. Na Azarias wetu, ambaye afadhali afe kuliko kusema hajui, akamjibu, "Bon, mukuki ni alama tu. Maana yake ni kitu ya askari mwenye alilinda batu." Ananiapia sasa kwamba alitaka tu kumaliza mazungumzo kwa sababu alikuwa anachelewa kuingia kazini.

Kwa hiyo mtu huyu akaanza kutafuta kitu cha askari, na si cha askari yeyote, bali kilichotoka kwetu. Akakipata. Ni bunduki ya Mbelgiji, ya mtindo wa mwaka 1889, na mzee aliyemuuzia alimwambia ilitumiwa Kongo na askari wa Mbelgiji zamani hizo. Kama ni kweli au ni maneno ya sokoni, mimi sijui, na Cleopas mwenyewe anasema hana uthibitisho. Akatengeneza sanduku la mbao kwa mikono yake. Bilha akalipamba ndani kwa kitenge.

Siku ya utambulisho, tarehe 30 Mei, tulijaa katika ukumbi wa kanisa. Ulikuwa ufike, lakini goti lilikuzuia, na sasa sijui kama nilishukuru goti au nililaumu. Mambo yalikwenda vizuri. Sanduku lilipoingia, limebebwa na vijana, akina mama walipiga vigelegele hata kabla halijafunguliwa, kwa sababu lilikuwa refu na kila mtu alijua ndani kuna mkuki wa Manassé.

Likafunguliwa. Kaka, vigelegele vilikatika. Mama mmoja alichukua watoto wake akatoka nao hadi kwenye maegesho, na hakurudi hata kula. Wanaume wengine walisimama bila kujua kwa nini wamesimama. Na Cleopas alikuwa anatabasamu. Alianza kueleza mwaka na nchi na mti na kwamba bunduki hii iliijua Kongo kabla ya sisi sote. Alidhani anaturudishia kitu cha nyumbani. Mimi niliwakumbuka askari wa Mbelgiji katika hadithi za bibi yetu, jinsi wanawake walivyokuwa wanakimbilia migombani na watoto mgongoni, nikaona kweli, hiki ni kitu cha nyumbani, lakini sijui cha upande gani.

Azarias, na hapa nampa sifa yake, alichukua kitenge akakifunika kile kitu taratibu, akasema, "Bon. Mwenye mukuki hayiko hapa. Mutu mwingine hawezi kushika, na hawezi kukatala. Tutangoja yeye mwenyewe." Watu wakapumua. Chakula kikaletwa. Cleopas alielewa kwamba ni heshima, akasema vizuri sana, basi ataupeleka Buffalo yeye mwenyewe.

Nilimfuata pembeni na Azarias kumuuliza habari ya sheria, maana mimi naogopa polisi kuliko njaa. Cleopas akasema tusihofu, mbele ya sheria ya nchi nzima hii si bunduki. Ilitengenezwa kabla ya mwaka 1899, basi ni kitu cha kale tu, na pia ameshatoa ndani yake kile kipande kinachogonga risasi. Azarias akamkodolea macho. "Donc, ni bunduki ao si bunduki?" Cleopas akasema kwa sheria si bunduki. Basi hapo ndipo nilipo hadi leo. Serikali inasema si bunduki, Cleopas anasema ni mkuki, na macho yangu yanasema ninayoyajua. Hata ukinishika shati huwezi kupata jibu.

Wao walirudi Columbus jioni ile ile, na kwa kuwa zawadi hairudi kwa gari lililoileta, sanduku lilibaki kwangu hadi Jumapili iliyofuata, Tevin alipokuja kulichukua. Niliweka blanketi juu yake kabatini. Nilikuwa nikifagia chumba naruka upande ule. Alhamisi Alliance akiwa kazini nikalifungua, sijui ni nini kilinituma.

Mti wake ni mwekundu uliokolea, umelainika kama mpini wa jembe la mama. Kuna mahali pamechakaa kidogo, pale shavu la mtu lilipokuwa linakaa. Nikatia kidole hapo. Nikalivuta komeo jinsi nilivyomwona Cleopas akifanya, nalo likateleza bila sauti, kwa adabu kabisa. Kaka, ni nzuri. Naona aibu kuandika hivyo, lakini wewe sikufichi. Nilikaa kitandani nikalia, na ukiniuliza nilimlilia nani, siwezi kukwambia. Sijui kama ni aliyeibeba au aliyeelekezewa. Kisha nikaifunika na kwenda kupika maharage.

Juzi Bilha alinipigia. Ni mwanamke wa maneno machache. Alisema miaka yote amekuwa akiomba bunduki hizo zitoke nyumbani mwake, na sasa inatoka moja naye hana raha, kwa sababu ndiyo mume wake aliyoitafuta kuliko zote. Ukutani alikuwa ameiwekea misumari yake tayari, katikati, chini ya picha ya babu yake. Alikaa nayo siku chache tu akitamani ibaki, kisha akakumbuka aliitafuta kwa ajili ya nani, akaiteremsha. Hataki kuweka nyingine pale. Nilipokata simu nikaelewa jambo moja tu katika haya yote, kwamba mtu huyu hakutoa kilichomzidi. Alitoa kilichomuuma kutoa.

Na wewe, kaka, ulivyofurahi! Nilipokwambia kwamba wameleta, uliniuliza, "Nsimire, iko na urefu gani? Nimeisha kutosha makoti nyuma ya mulango." Ulikuwa umeshayaondoa makoti kuupisha mkuki, na mimi nikajibu ni mrefu kiasi. Kisha nikauliza habari za mvua. Kabanyana akaniambia baadaye kwamba umewatangazia wazee wote wa kanisa kwamba unaletewa mkuki, mtu wa kwanza wa Buffalo, na kwamba umenunua soda. Kila siku niliyochelewa kusema, wewe uliongeza mgeni.

Sasa nije kwenye lile neno ambalo nyumbani kwetu hatulitaji. Nisamehe kuliandika. Nakumbuka siku watu wenye bunduki walipokuchukua barabarani ukitoka shule, na nakumbuka siku uliyorudi, mama alivyokunawisha mikono katika beseni kama mtoto mchanga, na wewe ulivyomwachia. Hukutueleza walikupa nini ubebe na walikutuma ufanye nini nacho. Hatukuuliza. Lakini nimekuona tangu hapo. Pale ulipopata kazi katika kiwanda cha mbao, kazi nzuri, karibu na nyumbani, uliiacha siku walipokupa ile mashine ya kupigilia misumari inayoshikwa kama bastola, ukaenda kufua mashuka ya hoteli. Watu walisema Manassé ni mvivu. Mwanao Aganze aliponunuliwa ile bastola ya plastiki ya kurusha maji, uliitupa mtoni na mtoto akalia wiki nzima. Aliyeumwa na nyoka akiona ukuti hushtuka, na huyu Cleopas anakuja kwako na nyoka mwenyewe, amemfunga kwa kitenge, anatabasamu.

Utaniuliza, kwa nini usimzuie? Nimeshika simu nikaiweka, nikashika tena. Ili nimzuie lazima nimpe sababu, na sababu ni wewe. Habari hiyo si yangu kuitoa. Hukumpa mama, hukumpa mchungaji, na sitaipeleka Hilliard mimi kwa simu, katikati ya mambo ya mahari, kwa mtu ambaye atasikitika sana na pengine atamsimulia mke wake. Na nikimwambia tu asije bila sababu, atafikiri tumemdharau. Nilimuuliza Azarias kama tunaweza kuomba mkuki mwingine, hata ule wa pundamilia. Akasema kitu kikishafunuliwa mbele ya watu hakibadilishwi. Mlinzi anakipokea, au anakikataa, na akikikataa amemkataa mkwe.

Kwa hiyo unaona nilipo. Upande mmoja ni mwanangu na kijana mwema, na harusi ya Septemba ambayo Bilha ameshaikatia kitambaa. Upande mwingine ni mkono wako. Mimi ni mjinga wa mambo mengi, lakini sikutegemea kuwa siku moja nitavipima vitu hivyo viwili.

Jana nilimkalisha Alliance jikoni nikamweleza. Sikumweleza yote, na kumbe hakuhitaji. Amekulia nyumbani mwako, na watoto huona. Alikuwa anamenya kitunguu. Hakuinua kichwa. "Mama, tell mjomba," akasema. "Kama mukono yake inakatala, na mimi ninakatala." Nikamwuliza kama anajua anachosema, maana anampenda Tevin hadi amejifunza kupika ugali wao mgumu ule wa kukatwa kwa kisu. Akasema anajua. Akaniambia kwamba alipokuwa mdogo na anaogopa, wewe ulikuwa unalala chini mlangoni mwa chumba chao, na mikono yako ilikuwa inatetemeka na bado ulilala pale. Sikuwa nalijua hilo. Nilitoka nje nikamsalimia yule jirani wa nyama, kwa sababu sikutaka anione.

Sijui kama nimemlea vizuri au vibaya. Mwingine angesema mtoto wa kuacha mume kwa ajili ya mkono wa mjomba hana akili. Mimi nilijivuna na nikaogopa kwa wakati mmoja, na bado navifanya vyote viwili ninapoandika.

Basi, kaka, sikuombi uipende na sikuombi unieleze chochote. Nataka kukurahisishia. Ukishasoma, nipigie kabla ya Ijumaa ya tarehe 26. Ukiniuliza habari za kazi na wazee wangu tu, bila kutaja mkuki, nitaelewa. Jioni ile ile nitampigia Cleopas asije, na nitamwambia kwamba aliyekataa ni mimi, mama wa msichana, kwa ukaidi wangu. Watanisema Louisville nzima, na Columbus watachukua zamu yao. Nimeshasemwa kabla ya hapo na bado nakula. Na kama utataka kumwambia wewe mwenyewe, mtu na mtu, kilichokupata, nadhani atasikia. Sina hakika, lakini nadhani. Mtu anayemsalimia babu yake kwa njia ile pengine ana masikio.

Na usipopiga simu kabisa, nitajua kwamba unamngoja, na kwamba umeamua utakachofanya akifika. Nitakaa na Alliance hapa tukikuombea, na hatutakupigia.

Nisalimie Kabanyana, mwambie dawa ya goti ni kukufungia funguo za gari. Nisalimie Bonheur, apunguze sauti ya simu. Nisalimie Aganze, ambaye nasikia amenipita urefu na ananijibu Kiingereza, aje tupimane. Wasalimie wazee wa kanisa lenu, na soda wasizifungue bado. Azarias anakusalimu kwa aibu. Alliance anakusalimu kwa upendo wote.

Bwana aliyekurudisha kwetu siku ile aushike mkono wako wa kulia, ukishika au usiposhika.

Mimi mdogo wako akupendaye daima,

Nsimire